Kiinua mgongo changu kimeota kutu: nianze na mashine ipi?

Ndugu mshauri,

Nipo Tabora, mtaa wa Cheyo, na nimestaafu. Kazi niliyojichagulia ni kukusanya mashine za zamani za kukatia majani na kuzifufua. Ninazo tatu, zote nimezitoa kwa wauza vyuma chakavu kabla hazijapanda mizani.

Ya kwanza ni Qualcast ya kusukuma kwa mkono, inchi 12, magurudumu mawili ya chuma ubavuni. Visu vinazunguka ila havikati. Vinayatafuna majani na kuyalaza. Tena gurudumu la kushoto linapita bure, halivuti kitu.

Ya pili ni Suffolk Punch ya inchi 14 yenye injini. Kamba haivutiki kabisa, pistoni imeganda. Fundi mmoja wa pikipiki anasema tumwage mafuta ya taa, kisha tuivute watu wawili kwa nguvu.

Ya tatu ni ile ya kisu bapa kinachozunguka chini ya deki, injini Briggs & Stratton ya 3.5 hp. Namba ya tarehe iliyogongwa kwenye bati la juu inaanza na 7805. Ilikuwa inawaka vizuri, ikagonga mzizi wa mwembe, ikazima. Tangu siku hiyo moto wa plagi upo, petroli ipo, lakini ukivuta kamba inakunyang'anya mkono kurudi nyuma na kupiga chafya kwenye kabureta. Fundi yule yule anataka tuing'oe injini tufunge ya pikipiki.

Mama watoto anasema kiinua mgongo kimegeuka kutu na ua umegeuka gereji. Wakati huohuo kuna mtu ananiuzia ya nne, Atco, na roho inataka. Nianzie wapi? Na je, nizipake rangi kwanza ili angalau zionekane za maana?

Mstaafu wa Cheyo, Tabora

*

Shikamoo mzee wangu.

Atco iache hapo ilipo kwanza, na rangi usinunue bado. Kazi ya leo ni ya dakika kumi tu, nayo iko kwenye Suffolk. Fungua plagi, mimina tunduni vijiko vitatu au vinne vya ATF, ile oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki, iliyochanganywa nusu kwa nusu na dizeli. Rudisha plagi kwa vidole tu, kisha ondoka. Kila jioni ongeza kijiko. Mafuta ya taa peke yake ni mepesi mno, yanapita na kukauka bila kuacha utando.

Shauri la watu wawili kuvuta kamba likatae kabisa. Kilichoganda pale ni ringi zilizoshikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Ukizilazimisha kwa pigo moja, zinakatika ndani ya mifereji yake na vipande vinachora silinda. Ringi za Suffolk si kitu cha kukikuta kwenye duka la spea za bodaboda.

Wakati mafuta yanajipenyeza, shika Qualcast. Haina petroli wala umeme, vipande vyake ni vichache, na ndiyo itakayokata majani mbele ya mama watoto mapema kuliko zote.

Kabla ya kugusa nati yoyote, jua kwamba mashine za Uingereza za zama hizo zimefungwa kwa nati za Whitworth, si za milimita. Nati ya Whitworth ya robo inchi ina upana wa mm 13.3 hivi: spana 13 haiingii, 14 inacheza na kula pembe. Ya 5/16 ni mm 15.2, hadithi ile ile. Tabora ni mji wa reli, na spana za Whitworth zilizosalia kwenye masanduku ya mafundi wakongwe si ajabu kuzikuta. Ukikosa kabisa, chukua spana 13 kuukuu uichonge kwa tupa taratibu hadi ikae. Spana malaya iache kwenye begi. Nati ikishaliwa pembe, kinachofuata ni tindo, na chuma cha kuyeyushwa cha mashine hizi hakikunji, kinapasuka.

Gurudumu la kupita bure ni ugonjwa mwepesi. Ndani ya gurudumu kuna meno. Meno hayo yanazungusha gia ndogo iliyovaa kwenye ekseli ya ngoma (ngoma ni lile pipa la visu), na kati ya gia na ekseli kuna ulimi mdogo wa chuma unaoteleza kwenye mfereji wake. Ukisukuma mbele, ulimi unang'ata gia na ngoma inazunguka. Ukirudi nyuma unaachia, ndio ule mlio wa tik-tik-tik. Upande wako wa kushoto, ulimi umenasa kwenye uchafu. Mara nyingi aliyeupaka grisi alidhani anausaidia: grisi hushika vumbi, vumbi likawa kama saruji, ulimi ukalala. Vua gurudumu, osha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki, kisha weka matone mawili ya oili nyepesi, basi. Ulimi ukiwa umelika upande mmoja tu, mara nyingi unaweza kuugeuza ukang'atia upande mzima.

Angalizo moja hapo: gia ya kushoto na ya kulia hazibadilishani. Ukizichanganya, ngoma itavuta ukirudi nyuma na kupita bure ukienda mbele, na utahangaika siku nzima kutafuta ubovu usiokuwepo. Zifunge vibandiko. Andika "shoto" na "lia", maana ukiandika K zote mbili ni K.

Ekseli ya ngoma inakaa kwenye beringi za gololi zisizo na keji. Tandika kitambaa cheupe chini kabla ya kuvua kikombe, kisha zihesabu kila upande. Zikiwa na madoa ya kutu badilisha zote pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Chukua moja uende nayo kwa muuza spea za baiskeli akupimie: habu ya nyuma ya baiskeli kama Phoenix hutumia gololi za robo inchi, ya mbele 3/16, na mara nyingi moja ya saizi hizo ndiyo unayohitaji. Hapa ndipo mahali pa grisi.

Kutu ya ngoma na magurudumu usiipige msasa wiki nzima. Pata beseni refu la plastiki, maji lita 20, na vijiko vitano vya chakula vya magadi yaliyoyeyushwa na kuchujwa. Chaja ya betri ya volti 12, ile ya kizamani isiyo na akili nyingi, inatosha. Waya hasi unafungwa kwenye kipande chako, waya chanya kwenye chuma chakavu kisicho na thamani, na viwili hivyo visigusane. Iache ikiwaka kwa muda wa saa sita mpaka saa kumi na mbili. Kutu nyekundu itageuka tope jeusi la kuondoka kwa brashi. Fanyia nje, maana gesi inayopanda ni haidrojeni na inashika moto. Zima chaja kabla ya kugusa waya. Upande wa chanya usitumie chuma kisichoshika kutu, sufuria za kung'aa na vijiko, kwa sababu kinatoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Na chochote cha aluminiamu kisiingie kwenye beseni hilo, magadi yanakila. Kipande kikitoka, suuza, anika juani, paka oili hapo hapo. Chuma kilichovuliwa kutu kinaota nyingine ndani ya nusu saa.

Sasa ukataji wenyewe. Mashine hii ni mkasi, si panga. Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, aliyeipatia hataza mwaka 1830, kanuni yake aliitoa kwenye mashine za viwanda vya nguo zilizokuwa zikinyoa vishungi vya kitambaa cha sufu. Ngoma inaleta visu, kisu kimoja kimetulia chini, jani linakatwa pale vinapokutana. Visipokutana, jani linabanwa na kulazwa, na ndicho unachokiona. Kwa hiyo usinoe kisu kimoja kimoja kwa tupa, kama wanavyofanya wengi. Ngoma itapoteza uduara, nayo haitagusa tena kisu cha chini sawasawa.

Kata ukanda wa gazeti wa upana wa vidole viwili, uuingize kati ya ngoma na kisu cha chini, zungusha ngoma taratibu. Jaribu kushoto, katikati, kulia. Skrubu za kurekebishia kwa kawaida ni mbili kila upande, moja inasogeza, nyingine inazuia: legeza moja kabla ya kukaza mwenzake, na usizungushe zaidi ya moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja. Kipimo sahihi ni pale gazeti linapokatika kote na ngoma bado inazunguka bila kukwaruza kwa nguvu. Ukikaza mno itakata vizuri siku moja, kesho yake visu vimepata joto na kulika. Ngoma izungushe kwa kijiti kilichosukumwa kwenye mgongo wa kisu, vidole viwe mbali; haina petroli, lakini kidole inakikata bila kuuliza.

Gazeti likikatika pembeni na kuchanika katikati, kisu cha chini kimelika tumbo. Dawa ni kusaga: vua magurudumu na gia, paka pesti ya kusagia valvu, ya chembe za kati, iliyolainishwa kwa oili kidogo, kwenye ncha za visu vya ngoma. Kisha zungusha ngoma kinyumenyume kwa drili ya mwendo mdogo, dakika tano hadi kumi, ukisogeza kisu cha chini kidogo kidogo. Utaona mstari mwembamba unaong'aa ukitokea kwenye kila kisu. Ukiwa umetimia kutoka mwisho hadi mwisho, acha. Osha pesti yote kwa mafuta ya taa, hasa pembeni karibu na beringi, maana itakayobaki itaendelea kusaga isipotakiwa.

Itumie kwenye ukoka mkavu na mfupi. Nyasi ikifika nusu ya kimo cha gurudumu, mashine ya ngoma inailaza. Hapo tanguliza kwanja. Na msimu wa maembe, okota kokwa zote kabla ya kusukuma. Kokwa moja kavu ikiingia kati ya ngoma na kisu cha chini inapinda kisu, na kazi yote niliyoieleza inaanza upya.

Tuje kwenye Briggs. Bati limekutajia umri: tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi, yaani Mei 1978. Injini za wakati huo bado zina platini (swichi ndogo ya kukata na kuunga umeme wa plagi) na kondensa yake, chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini. Mfumo wa elektroniki usio na platini ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kurudisha mkono baada ya kugonga mzizi, mzee, ni alama inayosomeka wazi. Flaiwili ndiyo inayobeba sumaku ya kuzalisha moto, nayo imekaa kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa kipande kidogo cha madini laini ambacho mafundi wanakiita kii. Kisu kilipogonga, krenki ilisimama ghafla, flaiwili ikataka kuendelea. Kii ikakatwa au ikasogea, hata nusu milimita inatosha. Sasa sumaku inapita mbele ya koili kabla ya wakati wake: moto upo, ila unakuja pistoni ikiwa bado inapanda, inarudishwa chini, na mkono wako unakwenda nayo.

Kabla ya kwenda huko juu, angalia chini. Chomoa waya wa plagi uufunge mbali, toa petroli, laza mashine kabureta ikiwa juu ili oili isiingie kwenye kichujio cha hewa. Vua kisu, vua plagi. Simamisha msumari karibu na ncha ya krenki, zungusha krenki taratibu uangalie nafasi kati yao. Ikicheza, inakaribia na kuondoka, krenki imepinda na injini hiyo iwe ya spea. Usikubali fundi ainyooshe kwa nyundo. Krenki iliyonyooshwa hukatika baadaye, kisu kikiwa kwenye mwendo.

Ikiwa imenyooka, fungua flaiwili. Kuizuia usichomeke bisibisi kwenye mapezi yake, ni ya aluminiamu na yanavunjika kama biskuti. Iweke pistoni nusu njia valvu zote mbili zikiwa zimefunga, ingiza kamba ya pamba kwenye tundu la plagi hadi ijae, kisha fungua. Kamba itaizuia pistoni bila kudhuru kitu. Juu ya flaiwili kuna kichwa cha kuvutia kinachofunguka kinyume cha saa. Flaiwili itoe kwa pula (kifaa cha kung'olea) yenye bolti mbili, usigonge ncha ya krenki kwa nyundo tupu.

Nunua kii ya aina ile ile laini. Fundi atakuambia achonge ya chuma kigumu "isikatike tena". Mkatalie, kwa sababu kazi ya kii ni kukatika yenyewe ili krenki ipone. Ukiwa umefika hapo, safisha platini kwa karatasi nyeupe kavu, weka nafasi ya mm 0.5, na plagi mm 0.75. Koni ya krenki na tundu la flaiwili vifutwe vikauke kabisa, bila oili, na kichwa cha kuvutia kikazwe takriban Nm 75. Kati ya koili na flaiwili acha mm 0.25, unene wa kadi nyembamba ya biashara: iweke katikati, acha sumaku ivute koili, kaza, chomoa kadi.

Kama kabureta imekaa moja kwa moja juu ya tangi, ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachofanya kazi ya pampu. Kikikauka na kukunjamana, injini inawaka na kufa, inawaka na kufa. Kibadilishe tu. Skrubu ya mchanganyiko ifunge kwa vidole hadi mwisho, bila kukaza, irudishe mzunguko mmoja na nusu, ndipo uanze kusikiliza. Oili ni SAE 30, kama lita 0.6. Injini hii haina pampu ya oili, inajirushia yenyewe kutoka chini, hivyo kipimo kikipungua na ukakata mahali penye mteremko inakufa kimya kimya.

Habari ya injini ya pikipiki iishe hapa. Krenki ya mashine yako inasimama wima, ya pikipiki inalala. Ukiilaza ubavu, oili yake haifiki inakotakiwa. Na kubwa zaidi, gavana ya Briggs inaizuia isivuke mizunguko 3,600 kwa dakika. Kwenye mwendo huo, ncha ya kisu cha inchi 20 inakwenda karibu mita 96 kwa sekunde. Injini ya pikipiki inapita mizunguko hiyo mara mbili bila shida. Kisu kikikatika katika hali hiyo, deki ya bati haitakizuia, na miguu iliyo nyuma yake ni yako.

Baada ya wiki mbili hivi rudi kwenye Suffolk. Kama oili uliyomimina ilikuwa inapotea ndani ya saa chache, huenda kuna valvu imebaki wazi kwa kutu kwenye shina. Vua kichwa cha silinda: bolti zilegezwe kwa mtambuko, robo mzunguko kila moja, uandike iliyo ndefu ilitoka tundu lipi. Valvu ziko ubavuni, kwa hiyo pistoni na valvu zote utaziona. Weka kipande cha mti mgumu juu ya pistoni, gonga kidogo kwa nyundo ndogo, huku ukijaribu flaiwili kwa mkono kwenda na kurudi. Ikisogea milimita moja, rudisha, ongeza mafuta, rudia. Kuna siku haitasogea kabisa. Funika, nenda zako. Ikishaachia, pitisha kucha kwenye ukuta wa silinda. Kucha isiponasa, saga valvu, weka gasketi mpya, irudishe. Ikinasa kwenye mashimo ya kutu, ni kazi ya fundi wa kuchonga silinda, na hapo ndipo uamue kama pesa ipo. Gasketi ya zamani iloweshe maji kabla ya kuikwangua, huenda ina asbestosi.

Rangi ni ya mwisho, na pengine haihitajiki kabisa. Rangi ya awali hata ikiwa imechakaa ina thamani kuliko ya kupulizia juzi. Iliyobaki ioshe kwa sabuni na kuipaka oili. Ukilazimika kupaka, usikwangue kavu: rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na risasi, tumia msasa wa maji, na wajukuu wakae mbali. Mapezi ya silinda yasipakwe rangi nene, yanahifadhi joto badala ya kulitoa.

Kwa mama watoto, hoja yake ni ya haki. Chagua kona moja yenye paa, turubai moja, mashine moja wazi kwa wakati mmoja. Petroli na dizeli zisilale ndani ya nyumba. Daftari liandike bei ya kila kitu, hata gololi, nalo likae mahali anapoliona. Kata ukoka wa mbele kwa Qualcast kabla hujafungua kinywa kuhusu Atco.

Na Atco yenyewe, ukienda kuiangalia baada ya hapo, beba tochi na ukanda wa gazeti. Kagua fremu za pembeni kama zina ufa au alama ya kuchomelewa, angalia kisu cha chini kimebaki kiasi gani, kisha zungusha rola ya nyuma. Nyingi za zamani zina injini ya Villiers ya tu-stroki, inayochanganywa oili na petroli tangini, sehemu 16 za petroli kwa moja ya oili, na muuzaji aliyekuwa akiitilia petroli tupu ameshaiua, hata kama inang'aa kwa nje.